Mjusi wa Tendaguru na Daftari Langu la Safari

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani baada ya chakula cha mchana, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu wa chama aliponiandikia, aliniomba nizungumze juu ya faida za kusafiri. Nilimjibu kwamba hayo yamekwisha semwa na watu wenye akili kuliko mimi, na kwamba ningependelea kueleza jambo dogo zaidi, yaani jinsi mtu anavyopanga safari ya mapumziko, na jinsi mimi nilivyoipanga vibaya. Alikubali, nadhani kwa sababu alitaka kucheka.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku 12, mwezi wa Septemba mwaka 2025, katika miji ya watu wasemao Kijerumani: Berlin, Vienna, upande wa Bavaria, na mwisho Zürich. Nilisafiri na mtu mnayemfahamu. Tulikaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, na leo amekaa safu ya pili karibu na dirisha, akinitazama kwa macho ya kuniambia nisitie chumvi. Sitamtaja jina. Wa rika letu wanamjua, na vijana watamtambua kwa kicheko chake.

Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake ya kwenda. Yangu ni hii. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa kijana wa Lindi wakati Wajerumani walipokuja kuchimba mifupa katika kilima cha Tendaguru. Uchimbaji ule ulianza mwaka 1909 na kwisha 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika miaka michache tu kabla yake, njaa ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba, na mtu aliyepata kazi ya mshahara hakuuliza maswali mengi. Mamia ya watu walichimba, na wengine walibeba. Mifupa ilifungwa katika mianzi, ikatwikwa vichwani, ikapelekwa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Zaidi ya tani 200 ziliondoka kwa namna hiyo. Babu alikuwa mmoja wa wapagazi. Alifariki nikiwa mdogo, lakini baba alirithi maneno yake, naye alipenda kuyarudia: kwamba babu alibeba mguu wa mjusi asimwone mjusi mwenyewe, wala asijue alikokwenda.

Mjusi huyo leo amesimama Berlin, katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Waliunganisha mifupa yake na kumsimamisha mwaka 1937, na urefu wake ni zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Nimestaafu, wanangu wamekwisha soma, nikasema sasa ni zamu yangu kwenda kuuona mzigo wa babu ulipofika.

Sababu ya mwenzangu ilikuwa Vienna. Tangu mwalimu wetu wa muziki alipotueleza habari za Haydn, ambaye mwaka 1796 alitunga muziki kwa ajili ya tarumbeta, bwana huyu hakuwahi kumsahau. Alitaka kufika Eisenstadt, mji mdogo ulio kusini ya Vienna, kiasi cha saa moja na zaidi kwa treni, ambako Haydn amezikwa.

Basi, mimi nikawa mpangaji. Nilinunua daftari la kurasa 96 na nikalijaza kwa miezi minne. Vijana wa leo hupanga safari katika simu, nami siwazuii, lakini penseli inakupa muda wa kufikiri, kama mwenyewe unataka kufikiri. Mimi sikutaka. Nilikuwa na orodha ya mambo 27 ya kuona. Na juu ya hayo nilikuwa na tamaa nyingine ambayo sikuiandika: nilitaka nikirudi niseme nimekanyaga nchi tano. Ujerumani, Austria na Uswisi zilikuwa za lazima. Slovakia niliiongeza kwa sababu kutoka Vienna hadi Bratislava ni saa moja tu kwa treni, na Liechtenstein kwa sababu iko hapo hapo mlangoni mwa Uswisi. Nchi ndogo kama tarafa, lakini ni nchi.

Kuhusu viza nitasema kwa ufupi, maana kila mwaka kuna mtu hukwama hapo. Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi hizo zote tano. Unaiomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa Ujerumani. Unaweza kuomba miezi sita kabla, na usisubiri zikabaki siku 15. Lazima uwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ya mtu mzima ni euro 90, ambayo hairudishwi ukikataliwa. Watataka kuona utalala wapi kila usiku na utaishije. Daftari langu lilinisaidia sana hapo, na ndilo jambo la mwisho lililonisaidia bila kunitia aibu.

Tulifika Berlin Jumapili. Kutoka uwanja wa ndege mwenzangu alinunua tiketi yake vizuri, akaikunja, akaitia katika kitabu cha sala ili aje awaonyeshe wajukuu. Hakuigonga muhuri katika kile kimashine kidogo cha pembeni. Kule hakuna mlango wa kukuzuia. Unapita tu kama unaingia sokoni. Baada ya vituo vichache kijana mmoja aliyevaa fulana ya kawaida alisimama akatoa kitambulisho. Faini ni euro 60. Mwenzangu alimweleza kwa Kiingereza kizuri cha shule hii kwamba tiketi anayo. Kijana alimjibu kwa adabu kwamba tiketi isiyopigwa muhuri inaweza kutumika tena kesho. Ilikuwa kweli. Alilipa.

Siku ya pili yake, Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, tulisimama mbele ya mlango wa makumbusho katika barabara ya Invalidenstraße. Nilivaa suti. Mlango ulikuwa umefungwa.

Makumbusho mengi ya Ujerumani hufungwa Jumatatu. Jambo hili linajulikana na kila mtu aliyewahi kufungua kitabu chochote cha wasafiri. Mimi nilikuwa na kurasa 96, nilikuwa na bei ya mkate wa soseji katika miji minne, nilikuwa na saa za treni ya kwenda Liechtenstein, na hilo sikuliandika. Na Jumanne asubuhi tulikuwa na tiketi za treni ya kwenda Vienna, safari ya saa nane hivi. Zilikuwa tiketi za bei nafuu, zile zilizofungwa na treni moja tu. Ukiikosa, tiketi imekufa. Hoteli ya Vienna nayo tulikuwa tumekwisha ilipa.

Tulikaa kwenye benchi. Nilimwambia mwenzangu kwamba tuendelee na safari, mjusi nitamwona katika picha. Sikusema hivyo kwa ukarimu. Nilisema kwa sababu niliona haya, na kwa sababu kila saa ya Vienna ilikuwa yake: Jumatano tulipanga Eisenstadt, Alhamisi Bratislava yangu ya majivuno, Ijumaa ndiyo Vienna yenyewe. Ukiondoa siku moja hapo, utamwondolea nani?

Akaniomba daftari. Akafungua ukurasa wa kwanza, ule wa mambo 27, akaniuliza kwa nini moja tu ndilo nililolipigia mstari. Sikujibu. Akachukua kalamu yangu akafuta Bratislava. Kisha akafuta Eisenstadt. Nilimzuia mkono. Sasa nawaombeni mjue kwamba Haydn alipokufa mwaka 1809, watu waliiba fuvu lake kaburini, na likaja kuunganishwa na mwili mwaka 1954. Mwenzangu alisema, "Haydn alikingoja kichwa chake mpaka mwaka 1954. Ataningoja na mimi kidogo."

Hasara yetu, tiketi mpya na usiku mmoja wa hoteli tuliolipia mara mbili, ilikaribia euro 200. Nilitaka kulipa yote, tuligombana, tukagawana.

Ilibaki Jumatatu nzima isiyo na mpango, na hapo ndipo nilipoanza kupanga kweli. Tulijiuliza: ni kitu gani kisicho na mlango? Ukuta wa Berlin hauna mlango. Kutoka makumbusho hadi Bernauer Straße ni mwendo mfupi kwa miguu, na hapo wamehifadhi kipande cha ule ukuta uliosimama tangu 1961 hadi 1989, pamoja na uwanja wake wa ulinzi, chini ya anga. Halafu barabara hazina mlango. Mbele ya makumbusho kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi, na treni hiyo hiyo, bila kubadilisha, inakupeleka kituo kiitwacho Afrikanische Straße. Hapo kuna mtaa mzima wenye majina ya kwetu, mengine yaliyowekwa kwa kiburi cha ukoloni. Kuna Sansibarstraße. Na ile barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Karl Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipigwa picha chini ya kibao hicho nikiwa na suti yangu. Kumbe haikuvaliwa bure. Wenye nafasi wafike pia Neukölln, upande wa kusini wa jiji, ambako barabara iliyokuwa na jina la Wissmann imepewa tangu 2021 jina la Lucy Lameck wetu.

Jioni tulipanda kuba la vioo la bunge lao. Ni bure, hufunguliwa hata Jumatatu mpaka usiku, lakini ni lazima uandikishe jina mapema. Hilo nililiandika. Lazima niseme mema yangu pia.

Jumanne tulirudi Invalidenstraße. Mwalimu Mkuu, mimi nimefundisha hesabu miaka mingi na sina maneno ya mashairi. Unaingia, na ukumbi ule ule wa kwanza ndio wake. Mguu wake wa mbele peke yake unanipita mbali. Nilisimama chini yake nikajaribu kukadiria ni mfupa upi unaweza kubebwa na kijana mmoja kwa siku nne. Mizigo ya wapagazi ilikuwa kama kilo 30, kwa hiyo mifupa mikubwa ilisafiri vipande vipande, na huenda babu hakujua alibeba mguu au mgongo. Labda alichagua mguu kwa sababu hadithi inapendeza zaidi. Wakuu wa uchimbaji, Janensch na Hennig, wanajulikana katika vitabu. Anajulikana pia Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Wapagazi wengi hawakuandikwa. Kuna mjadala wa siku nyingi hapa kwetu, hata bungeni, kama mjusi huyo arudishwe nyumbani au la. Sikwenda kuuamua. Nilisema pole kwa babu kwa Kimwera, kwa sauti ndogo, maana darasa la watoto wa Kijerumani lilikuwa limekaa sakafuni likichora. Mwenzangu hakusema neno kwa muda wa saa nzima. Tangu Kidato cha Kwanza sikuwahi kuona jambo hilo.

Mchana tulikwenda Potsdam, nusu saa na ushee kwa treni, tiketi ile ile ya jiji ikiwa ni ya kanda zote tatu. Kasri la Sanssouci, nalo hufungwa Jumatatu, kwa hiyo mpango wangu wa kwanza ungetugonganisha na milango miwili kwa siku moja. Mfalme Frederick wa Pili amezikwa hapo bustanini, na watu huweka viazi juu ya kaburi lake kwa sababu alihimiza kilimo cha viazi. Wakulima mliopo mtazame mambo hayo.

Vienna ikapata siku mbili nzima badala ya moja, na hapo niligundua jinsi mpango wangu ulivyokuwa wa kijinga. Nilikuwa nimesafiri saa nane kwenda kwenye mji ili niukimbie kila asubuhi. Tulipanda tramu namba 71 mpaka makaburi makuu, ambako Beethoven, Schubert na Brahms wamelala karibu karibu. Watu wa Vienna wana msemo wa utani: mtu akifa, husema amepanda 71. Mwenzangu alivua kofia mbele ya kila kaburi. Usiku tulikwenda jumba la opera la taifa kwa tiketi za kusimama, ambazo huuzwa kwa bei ndogo sana. Unafunga skafu yako kwenye reli ili kuweka nafasi, na hakuna anayeigusa. Nilifikiria foleni ya chakula ya bweni letu. Magoti ya mwenzangu ni mabovu. Alisimama saa tatu kamili.

Sasa kuhusu Bavaria, nawaambieni ninyi mnaopanga: tazameni kalenda ya wenyeji kabla ya yenu. Tarehe 20 Septemba mwaka ule ilifunguliwa Munich ile sherehe kubwa ya bia, Oktoberfest, nayo kwa kawaida huanza Septemba ijapokuwa jina ni la Oktoba. Bei ya vyumba ilikuwa imepanda juu ya uwezo wetu. Hilo, kwa bahati, niliona miezi mitatu kabla, tukaweka makao yetu Augsburg, kiasi cha dakika 40 kwa treni. Kutoka Vienna tulishuka Salzburg njiani, tukaacha mizigo katika makabati ya stesheni, tukaenda kuiona nyumba alimozaliwa Mozart mwaka 1756, kisha tukaendelea na safari jioni. Namna hii ya kuutembelea mji ulio njiani ni bora kuliko kwenda na kurudi siku nzima, kwa sababu nauli ni ile ile.

Augsburg sikuitarajia chochote. Lakini hapo kuna mtaa unaoitwa Fuggerei, uliojengwa na tajiri Jakob Fugger mwaka 1521 kwa ajili ya maskini wa mji, na watu bado wanaishi humo. Kodi ya nyumba kwa mwaka mzima ni senti 88 za euro, na sala tatu kila siku kwa ajili ya aliyejenga. Gharama za umeme na mengineyo ni juu yao. Tulikaa humo Jumapili nzima, siku ambayo karibu maduka yote ya nchi ile hufungwa. Nunueni mkate Jumamosi. Mwenzangu alitaka kuandikisha jina. Walimweleza kwamba lazima uwe mwenyeji wa Augsburg na mkatoliki. La pili analo.

Kutoka hapo tulikwenda pia kasri la Neuschwanstein, ambalo Mfalme Ludwig wa Pili alianza kulijenga mwaka 1869 na akafa 1886 halijaisha. Tiketi ina saa yake, ukichelewa, umeikosa. Kupanda mlima kwa miguu ni zaidi ya nusu saa. Tulipanda gari la farasi kwa heshima ya yale magoti.

Uswisi ni ghali, sina la kuficha. Siku yetu ya mwisho tuliitumia kwenye maporomoko ya mto Rhine karibu na Schaffhausen, mita 150 kwa upana na 23 kwa kimo, chini ya saa moja kutoka Zürich. Chakula tulibeba wenyewe. Maji ya kunywa tuliyapata katika chemchemi za mitaani, ambazo Zürich inazo zaidi ya 1,200, zote za bure. Liechtenstein hatukufika. Hesabu yangu imebaki nchi tatu, na katika watu wote niliowasimulia safari hii hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nchi ngapi.

Daftari nimelileta. Nitamwachia mtunza maktaba, na kijana yeyote anayetaka anaweza kulisoma, ila asinakili ukurasa wa kwanza. Kwenye jalada la ndani mwenzangu ameandika kwa wino mwekundu: "Eisenstadt, deni la siku moja." Nimetia sahihi chini yake. Tumekubaliana Mei ijayo, na safari hii nimeanza kwa kuuliza kanisa lile hufunguliwa siku zipi.